Mchezo Ndani ya Kikokotoo cha Mpimaji

Mchezo wetu ulikuwa na kasoro moja ambayo sikuweza kuiondoa: adui alisubiri. Nukta nne zilitokea juu ya kioo, kila moja ndogo kama punje ya uwele, na chini kabisa kulikuwa na kistari kilichokuwa mzinga wetu. Kisha kila kitu kilisimama na mashine ikaandika alama ya kuuliza. Ulipaswa kuingiza namba, yaani pembe ya kufyatulia, na kubonyeza kitufe. Hapo ndipo risasi ilipoanza kupanda, nukta moja baada ya nyingine, kwa mwendo wa siafu aliyechoka. Usipoingiza namba, hakuna kilichotokea. Ungeweza kwenda kula bukari, ugali wetu, kusalimiana na majirani, kurudi, na kuwakuta adui zako palepale.

Mimi niliupenda mchezo kwa sababu hiyo. Mwenye mashine aliuchukia kwa sababu hiyohiyo.

Mwenye mashine alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja katika mtaa wa Manika mjini Kolwezi, mpimaji wa ardhi katika kampuni ya migodi. Alinizidi miaka kama kumi, nami nilimwita yaya, kama tunavyomwita kwetu kaka mkubwa. Baba yake alikuwa ameletwa kutoka Kasai kuchimba shaba; yeye alizaliwa Kolwezi, katika hospitali ileile niliyozaliwa mimi, na Kasai hakuwahi kuikanyaga. Familia yangu ilitoka kaskazini mwa Katanga, mkoa huohuo wa Kolwezi. Jambo hilo, ambalo kwa miaka yote lilikuwa na uzito sawa na rangi ya mlango wa mtu, sina budi kulieleza sasa, kwa kuwa bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Hata hivyo sidai kwamba yanaeleweka.

Nilikuwa nimerudi kwa wazazi wangu kutoka Lubumbashi, ambako chuo kilikuwa kimefungwa nikiwa katikati ya masomo ya juu ya hisabati. Nilirudi na sanduku la vitabu na tasnifu yenye sura moja na nusu. Kampuni nayo ilikuwa ikifa kidogo kidogo. Sehemu kubwa ya mgodi wa chini ilikuwa imeporomoka, karakana zilifungwa moja baada ya moja, na wapimaji walirudi nyumbani saa sita mchana kwa kukosa cha kupima. Ndiyo sababu tulikuwa na alasiri nyingi, yaya na mimi, na kikokotoo kimoja.

Kilikuwa kikokotoo cha kuchora grafu, alichoachiwa na mhandisi mmoja wa kigeni siku alipofunga mizigo yake kwenda kwao. Kumbukumbu yake ilibeba hatua mia nne na kidogo, yaani kila alama unayobonyeza ni hatua moja, na zikijaa, basi. Yaya alikuwa ameweka humo programu zake za kazi, alizozitunga mwenyewe kwa miaka: ya kujumlisha urefu wa mistari, ya kusahihisha makosa, na nyingine ambazo sikuzijua vizuri. Nafasi iliyobaki ndiyo tuliyojengea mchezo.

Wapimaji wana desturi ambayo sijaiona kwa watu wengine. Anayeangalia katika darubini husema namba, naye anayeandika huirudia kwa sauti kabla ya kuiandika. Namba ambayo haikurudiwa huhesabiwa kuwa haikusomwa. Tulitunga mchezo kwa namna hiyo, kwenye baraza lake, mimi nikiwa na karatasi ya miraba, yeye akiwa na mashine.

“Kama A iko zaidi ya tisini na tano,” nilisema.

“Kama A iko zaidi ya tisini na tano,” alirudia, akibonyeza. “Kiisha?”

“Rudi kwa lebo ya pili.”

“Narudi kwa lebo ya pili. Profesa, ule adui wako anangoya nini? Anangoya barua?”

“Anangoya namba yako, yaya.”

“Mi ningekuwa adui, singengoya mutu anahesabu.”

Mke wake alikuwa akichambua mboga za lengalenga mlangoni. Hakuinua kichwa. “Batu wazima babili,” alisema, “banapigana vita mu mashini ya hesabu. Mukishinda mutaniambia, nitapakua chakula.”

Nilieleza, kwa urefu usiohitajika, kwamba mashine ya aina ile haina njia ya kusikiliza vidole vyako huku ikisogeza nukta; inafanya moja au nyingine. Yaya alisikiliza yote na kusema kwamba basi mchezo ulikuwa mtihani, na kwamba mitihani alikwisha kufaulu. Nami nikajiwekea kazi: kama adui hawawezi kuja wenyewe, angalau wakipigwa wapasuke, ili mchezaji aone kwamba kuna kitu kimetokea.

Kisha maneno yakaanza, kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Yalianzia kwenye mikutano, yakaingia sokoni, na hatimaye yakafika kwenye foleni ya bomba la maji, ambako mwanamke aliyemjua mke wa yaya tangu shule ya msingi alimwuliza atarudi lini kwao. Alijibu kwamba kwao ni nyumba ya tatu kutoka hapo, na mwanamke yule akacheka kana kwamba ameambiwa mzaha mzuri. Nilikuwepo, nikiwa na ndoo yangu. Nilijaribu kuamua kama ulikuwa mzaha kweli, na nilipokaribia kuamua, zamu yangu ikafika.

Wapimaji wenye asili ya Kasai waliambiwa wasiende tena kazini. Vijana wa ile mikutano, wenye vitambaa vilivyofungwa mkononi, walianza kuingia katika nyumba zao kuangalia kilichomo. Siku moja saa tisa yaya alipitisha mashine juu ya ukuta, imefungwa katika taulo.

“Unifichie,” alisema. “Kwangu banaingia kama mu soko.”

“Kwa siku ngapi, yaya?”

“Sijue. Kama uko nayo, malizia ile vita.”

Nilifanya yote mawili. Nilificha, na nikaendelea kutunga. Mpasuko wa nukta ulihitaji hatua thelathini na sita na mimi nilikuwa na kumi na tisa. Niliangalia programu za yaya moja baada ya moja, nikaona kwamba ya tatu na ya saba zilifanana sana: herufi zilezile, mpangilio uleule, ila ya saba ilikuwa ndefu zaidi. Nikahitimisha kwamba ya tatu ilikuwa toleo la zamani ambalo yaya alisahau kulifuta. Hitimisho hilo lilinipendeza kwa jinsi lilivyokuwa safi. Sikuuliza, ingawa mtu wa kuulizwa alikuwa ng'ambo ya ukuta. Hata leo najiuliza ni kwa nini. Nadhani sikutaka kuonekana nikicheza wakati wake yeye haukuwa wa kucheza. Nikafuta ya tatu.

Asubuhi yaya na familia yake walipotolewa nyumbani, nilikuwa mezani nikijaribu mpasuko. Nilisikia kelele, mlango, sufuria zikianguka, sauti ya yaya ikisema kitu mara moja tu. Nilisimamisha kila kitu nikaanza kufikiri. Nikitoka na mashine wataichukua. Nikitoka bila mashine nitasema nini, na kwa mamlaka gani? Nisipotoka, je, huko ni kulinda au ni kuogopa, na kama ni vyote viwili, kipi kinatangulia? Niliyapanga mambo hayo kwa utaratibu. Nilipomaliza kuyapanga na kufungua mlango, nyumba ya yaya ilikuwa tupu, na mtu nisiyemjua alikuwa akifungua bawaba za dirisha la jikoni.

Waliofukuzwa walikusanyika stesheni. Kolwezi nzima ilijua hivyo, kama watu wanavyojua soko liko wapi. Walikaa kando ya reli chini ya mashuka na vitenge vilivyofungwa kwa kamba, familia kwa familia, wakingoja treni za kwenda Kasai ambazo hakuna aliyejua zingekuja lini. Nilifika siku ya tatu, mashine ikiwa tumboni chini ya shati. Yaya alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa. Ndevu zilikuwa zimeota, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba zilikuwa na mvi.

“Umeleta?” aliuliza.

Nilimpa. Akaishika kwa mikono miwili, akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kaka wa mke wake, aliyekuwa Mbuji-Mayi huko Kasai, alikuwa ametuma habari kwamba mtu mmoja anayegawa viwanja alitafuta mpimaji, kwa sharti kwamba awe na namna yake ya kufanya hesabu. Diploma na madaftari ya yaya vilikuwa vimebaki ndani ya nyumba, na mtu yule wa bawaba alikuwa amevitumia kuwasha jiko.

“Sasa diplome yangu ni hii,” alisema, akaiwasha. Akaita programu ya saba. Mashine ilifikiri kidogo, ikaandika kosa. Akaiita tena.

“Yaya,” nilisema, “mi nilifuta ya tatu.”

Hakuniangalia. “Ya saba inaita ya tatu,” alisema polepole, kana kwamba anamweleza mwanafunzi. “Ya tatu njo inatafuta upande. Bila upande, ya saba iko kipofu. Ulifuta juu ya nini?”

“Nilitaka nafasi. Ya mupasuko.”

“Mupasuko wa nini?”

“Wa nukta. Ukipiga, ipasuke.”

Mke wake, aliyekuwa akipepea moto wa vijiti, aliacha kupepea. Kisha yaya akaita mchezo. Nukta nne zikatokea, mashine ikauliza. Akaingiza namba bila kufikiri hata kidogo, risasi ikapanda, na nukta ya pili ikapasuka, vistari vinne vidogo vikienda pande nne. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyostahili.

“Iko muzuri,” alisema.

Nimeyageuza maneno hayo kwa kila upande. Yangeweza kuwa msamaha, na yangeweza kuwa hukumu kali kuliko zote nilizowahi kupewa. Lakini naye alikuwa mtu aliyependa kazi iliyofanywa vizuri, na huenda alisema tu alichokiona. Sikuthubutu kumwuliza.

Nilisema ningeitunga upya ile ya tatu. Hakuikumbuka kwa kichwa. Aliitunga zamani kwa msaada wa vitabu vya majedwali. Lakini mimi nilikuwa mtu wa hisabati: pembe ya mstari kati ya alama mbili haihitaji kukumbukwa, inaweza kutafutwa. Nilisema pia kwamba tufute mchezo ili tupate nafasi ya kutosha.

“Hapana,” alisema. “Njia iko murefu. Batoto batacheza.”

“Yaya, kazi yako ni ya lazima kuliko—”

“Profesa. Uliniambia ile vita iko na hatua ngapi?”

“Mia mbili na kumi.”

“Acha ikae. Zile zinabakia, tumika nazo.”

Zilizobaki zilikuwa chache mno. Niliketi juu ya sufuria iliyopinduliwa, nikafanya kazi siku ile na siku iliyofuata, nikifupisha mpaka kila alama ikawa na sababu yake ya kuwepo. Yaya alibonyeza na kurudia kwa sauti kila nilichosema, na familia zilizokuwa karibu zilitusikia tukiitikiana namba. Mzee mmoja chini ya shuka la pili aliuliza kama tulikuwa tukisali. “Ndiyo, tata,” yaya alimjibu, “lakini kwa Kiprotestanti, hatuna rozari.” Ndiyo mara pekee nilipomsikia akicheka pale.

Ilipokamilika tuliijaribu. Yaya alijua kwa moyo namba za alama tatu za kupimia, zile nguzo fupi za zege ambazo wapimaji wa kampuni waliziona tangu siku yao ya kwanza kazini: moja karibu na ofisi yao ya zamani, nyingine juu ya kilima kilicho nje ya mji, na ya tatu mbele zaidi. Alizitaja akiwa amefumba macho. Mashine ikatoa pembe. Alilinganisha na zile zilizokuwa kichwani mwake. Zikakubaliana mpaka tarakimu ya mwisho.

“Inafunga,” alisema. Kwa mpimaji hakuna sifa kubwa zaidi.

Treni ilikuja kesho yake asubuhi: mabehewa ya mizigo, milango wazi. Nilisaidia kupandisha godoro, sufuria na watoto. Hatukuagana inavyopaswa, kwa sababu watu walisukumana na mimi nilikuwa nimeshika mguu wa meza ya mtu nisiyemjua. Nilimwona yaya akigusa mfuko wa shati lake, mahali mashine ilipokuwa. Kisha sikumwona tena.

Niligundua kosa siku hiyohiyo kabla ya jua kuzama, nikiwa naosha miguu. Wala sikuwa nikilitafuta. Mistari ya zile alama tatu, ukianzia mjini, yote inaelekea kaskazini. Na kanuni niliyoiandika inajua kwenda kaskazini tu. Mpimaji akiuliza pembe ya mstari unaoelekea kusini, itampa upande wa kinyume kabisa, kwa usahihi wa tarakimu zote, bila kusita na bila kuandika kosa. Dawa yake ni fupi: mstari ukiteremka kusini, ongeza mia mbili, kwa kuwa wapimaji wetu hugawa duara katika sehemu mia nne, si mia tatu na sitini. Hatua kumi na moja au kumi na mbili, basi. Zilikuwepo katika rasimu yangu ya kwanza. Katika ya pili hazikuwepo.

Mpaka leo sijui kama nilizisahau au niliziacha. Nakumbuka nikiwa juu ya sufuria ile nikitafuta cha kupunguza. Nakumbuka nikijiambia kwamba mtu mzoefu kama yaya huona kwa macho kusini iko wapi. Lakini sijui kama nilijiambia hivyo pale, au baadaye, nilipokuwa nikihitaji kuwa nimejiambia. Jambo moja tu lilikuwa wazi. Mtu alikuwa njiani kwenda katika nchi asiyoijua, kuonyesha uwezo wake kwa watu wasiomjua, na siku atakayopima kiwanja cha kwanza, atapigilia vigingi ndani ya kiwanja cha mtu mwingine.

Sikuwa na anwani. Habari za Mbuji-Mayi zilikuwa zikija kwa mdomo, na posta ilikuwa jengo tu. Basi niliandika sahihisho kwenye vipande vya karatasi ya miraba: jina lake, kazi yake, jina la shemeji yake, na chini ya hayo mstari mmoja wa hesabu. Nikaandika vipande kumi na viwili, nikakusudia kurudi stesheni kila nitakaposikia kwamba treni inakaribia, ili kila kimoja kiende na mtu wake, kwa kufikiri kwamba kimoja kati ya kumi na viwili kingefika.

Hapo nilifanya kosa jingine, na hili lilikuwa la mtu aliyelala nyumbani kwake wakati wenzake wamelala kwenye reli. Nilitembea kati ya mashuka, kijana aliyevaa shati safi, nikiwa na karatasi zenye jina mkononi, nikiuliza: Mnakwenda Mbuji-Mayi? Mko wangapi? Watu walinyamaza nilipofika. Mwanamume mmoja aliivuta kofia usoni. Nilidhani hawakunisikia, nikauliza kwa sauti zaidi. Mwishowe mama mmoja mnene, mwenye kitenge cha kanisa, aliyekuwa ameketi juu ya vifurushi vyake, akaniambia:

“Wewe, mutoto wa mutu. Ile liste ni ya nani?”

“Si liste, mama.”

“Banafika hapa na karatasi, banaandika majina, kiisha batu banapigwa. Na wewe unasema si liste.”

Nilimwonyesha. Alisoma, akageuza, akasoma tena ule mstari wa hesabu, na uso wake ukawa wa mtu asiyeelewa, kama wangu ulivyopaswa kuwa siku zote zile.

“Ni dawa?”

“Ni sahihisho, mama. Ya rafiki yangu. Hesabu nilimupa ilikuwa mubaya.”

“Wewe ni wa wapi?”

Nikamwambia. “Banatufukuza,” alisema, “na wewe unatufuata na hesabu.” Hakusema kwa hasira. Alikunja karatasi mara nne akaichomeka ndani ya kilemba. “Nitabeba. Lakini chunga bitu byangu, naenda kutafuta maji. Tangu jana sijapata mutu wa kuniangalilia.”

Niliketi mahali pake. Nilikuwa sijawahi kukaa pale, nilikuwa nimesimama tu au kuinama, na kutoka chini mji ulionekana tofauti: mlima wa mabaki ya mgodi, paa za kambi ya wafanyakazi, na miguu. Miguu miwili ikasimama mbele yangu. Ilikuwa ya kijana mwenye kitambaa mkononi.

“Wewe uko wa kwenda ao wa kubakia?”

“Naangalia bitu bya mama moja.”

“Sikuuliza ile.”

Jibu lilikuwa neno moja na nililijua. Nilifikiri kwamba nikisema ni wa kubaki, atanitenga na vifurushi nami nitakuwa nimemdanganya yule mama. Na nikisema ni wa kwenda, nitakuwa nimejitwalia kitu ambacho si changu. Kijana alingoja kidogo. Kisha akapiga kifurushi kimoja teke, si kwa nguvu, akaenda kwa wengine.

Mama alirudi na dumu la maji. “Bado uko,” alisema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa ameweka dau dhidi ya jambo hilo. Treni yake ilikuja saa nane. Nilimsaidia kupanda, na alipokwisha kujipatia pembe ya kukaa alitoa kichwa nje.

“Ile karatasi inasema kusini,” alisema. “Mi sijafika Kasai hata siku moja. Akiniuliza, nitamuambia kusini ni wapi?”

Nilimwonyesha kwa mkono upande ambao, kwa mtu aliyeko Kasai, ndio kusini: stesheni, paa za Manika, mlima ule mweusi nyuma yake. Aliufuata mkono wangu kwa macho, akaangalia vyote hivyo, akaniangalia mimi kuona kama sijakosea.

“Kusini njo kule?”

“Njo kule, mama.”

Behewa likajivuta. Vipande kumi na kimoja vilibaki mfukoni mwangu.